Jaribio-t: Shapiro-Wilk si cheti cha usafi

Fungua tasnifu ya uzamili yenye takwimu, nenda sura ya tatu. Mara nyingi utakuta sentensi hii: data zilipimwa kwa Shapiro-Wilk, p ikazidi 0.05, hivyo masharti ya jaribio-t yametimia. Hata mimi niliwahi kuiandika. Ubaya wake ni kwamba inakagua sharti jepesi, halafu lile zito inalipita kimya kimya.

Chukua data za "sleep" zilizomo kwenye programu ya R. Wagonjwa 10 walipewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, kila mmoja akapimwa ameongeza saa ngapi za kulala. Cushny na Peebles walizichapisha 1905. Mwaka 1908 William Gosset, mtafiti wa kiwanda cha bia cha Guinness aliyejiita "Student", akazitumia kama mfano kwenye makala iliyozaa jaribio-t lenyewe.

Dawa ya kwanza iliongeza wastani wa saa 0.75, ya pili 2.33. Sasa, safu inayotenganisha dawa imeitwa "group", na jina hilo ni mtego. Unaona kundi la 1 na la 2, unadhani ni watu tofauti. Unaendesha Shapiro-Wilk kwa kila kundi: p ni 0.41 na 0.35. Safi! Unafanya jaribio la sampuli huru, unapata t 1.86, p 0.079. Basi, dawa hazitofautiani, unafunga kompyuta.

Kumbe ni watu walewale. Mlinganishe kila mgonjwa na yeye mwenyewe, t inakuwa 4.06 na p 0.003. Namba ni zilezile 20, hukumu imegeuka.

Na hapa ndipo panapochekesha: zile tofauti 10, ambazo ndizo zilistahili kukaguliwa, zinafeli Shapiro-Wilk, p 0.033. Yaani ukilifuata jaribio hilo kama sheria, linakuruhusu kosa na kukuzuilia kilicho sahihi.

Zinafeli kwa sababu gani? Hebu zichore uone. Mgonjwa wa tisa alipata saa 4.6 zaidi kwa dawa ya pili, peke yake kule mbali. Wengi wangedhani ndiye "aliyetengeneza" matokeo. Mwondoe: t inapanda hadi 5.66! Alikuwa anakuza mtawanyiko kuliko anavyovuta wastani. Tena hata bila jaribio-t, wagonjwa 9 walilala zaidi kwa dawa ya pili, mmoja akatoka sare, hakuna aliyekwenda kinyume.

Kwamba vipimo vinategemeana, namba zenyewe hazikwambii kwa uhakika. Inabidi umuulize aliyezikusanya: nani alipimwa, mara ngapi, walitoka darasa moja, zizi moja, kitanda kimoja cha miche? Swali hilo halina kitufe kwenye programu, na nadhani ndiyo maana sura zetu za tatu hazina jibu lake.