Dai la Uongo kwa Jina la Mteja, na Namna ya Kulitengua

Kodi ya mshahara nchini Kenya hukatwa na mwajiri kabla mfanyakazi hajaupokea ujira wake, na kwa kuwa hukatwa mwezi baada ya mwezi, ilhali hesabu kamili hujulikana mwaka unapokwisha, hutokea mtumishi akajikuta amelipa zaidi ya kiasi kinachomlazimu. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 imempa ruhusa ya kuidai ziada hiyo katika muda wa miaka 5, na Mamlaka ya Ushuru, KRA, huirudisha kwa njia ya benki. Ruhusa hii ni ya insafu, na ndani yake ndimo mwizi wa zama zetu hupata mwanya. Kwani hana haja ya kuvunja hazina ya serikali, maadamu aweza kudai kwa jina la mtu mwenye haki ya kudai, kisha akazielekeza fedha mahali ambapo mtu huyo hapajui.

Nimependa kulitazama jambo hili kutoka Pumwani, mtaa uliopangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makazi ya Waafrika wa Nairobi, kwa sababu hapa, baina ya Majengo, hospitali ya uzazi iliyoasisiwa mwaka 1926 na soko la Gikomba, wauguzi, makarani, walinzi na wauza mitumba huishia kwenye mlango mmoja ifikapo Juni, nao ni mlango wa saiba, yaani duka la intaneti. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ni tarehe 30 ya mwezi huo, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Basi watu hupanga foleni, na kijana wa saiba, akiona mteja hana barua pepe, humfungulia moja, au huandika ile ya duka, na neno la siri hubaki katika daftari lake. Vijana hao wengi ni waaminifu na wamewaokoa majirani zao wengi na faini. Lakini barua pepe hiyo ndiyo ufunguo wa iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na amana ya namna hii, ikishapita mikono mingi, haina tena mwenyewe.

Tuchukulie muuguzi mmoja ambaye mshahara wake umekatwa kodi sawasawa. Mwenye hila huomba neno jipya la siri, nalo hufika katika barua pepe anayoitawala yeye. Akiisha kuingia, huandika ritani ya mwaka fulani, na katika nafasi ya kodi iliyokatwa hutia tarakimu kubwa kuliko ile iliyomo katika P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha kodi aliyoikata. Au hudai nafuu ya bima, ambayo ni asilimia 15 ya malipo ya bima isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka, ilhali muuguzi hana bima hiyo kabisa. Mfumo huonyesha ziada, naye huijazia fomu ya kuomba kurejeshewa, akaweka akaunti ya benki aliyoiandaa. Risiti ya kupokelewa kwa ombi huenda katika barua pepe ile ile, na mwenye jina hana habari.

Yaliyotendeka hapo ni mambo matatu: taarifa ya uongo, dai la uongo, na njia ya uongo ya kupitishia fedha. Wahasibu wengi hulitengua la kwanza tu wakadhani wamemaliza, na aghalabu hulitengua kwa njia iliyo mbaya kuliko zote, yaani kuirekebisha ritani. Sheria humruhusu mlipakodi kuirekebisha ritani yake mwenyewe. Basi anayeirekebisha ile ya mwizi amekiri, pasipo kukusudia, kwamba ya awali ilikuwa yake na kwamba alikosea hesabu. Tangu hapo kukanusha huwa kugumu, na kosa la mwingine huwa limeandikwa kwa mkono wa aliyedhulumiwa. Rai yangu ni kwamba ritani ya uongo ikanushwe kwa maandishi, na Kamishna wa KRA ndiye aombwe kuifuta.

Kabla ya kukanusha, barua pepe iondolewe mikononi mwa mwizi. Mteja aende mwenyewe na kitambulisho chake, katika ofisi ya KRA au Huduma Centre kama ile ya Makadara iliyo jirani na watu wa Eastlands, abadilishiwe barua pepe, ndipo abadilishe neno la siri. Kwani anayebadilisha neno la siri kwanza hulibadilisha bure, na mwizi ataomba jingine usiku ule ule. Siku hiyo hiyo KRA iombwe kuzuia malipo, na benki yenye akaunti ngeni, ikiwa yajulikana, iarifiwe, kwani fedha zikishatoka hazingoji barua. Taarifa ya polisi hufuata, nayo ina thamani kubwa, maana hutia tarehe juu ya kauli ya mteja.

Ithibati iliyo bora haitoki kwa mteja. Kila mwezi, kabla ya tarehe 9 kupita, mwajiri hupeleka KRA orodha ya watumishi wake, PIN zao na kodi aliyowakata, na orodha hiyo haikupita mkononi mwa mwizi. Ikiwekwa kando ya ritani ya uongo, tofauti hudhihiri bila hoja nyingi. Wakala wa kodi naye ana wajibu wake hapa: afanye kazi kwa idhini yake mwenyewe ya uwakala ndani ya iTax, asiingie kamwe kwa neno la siri la mteja. Mhasibu anayeingia kwa neno la mteja hufuta tofauti baina ya nyayo zake na nyayo za mwizi, na siku ya uchunguzi huwa mtuhumiwa wa kwanza, tena kwa haki.

Sheria haina upole katika jambo hili. Anayedai kwa kujua marejesho asiyostahili aweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10, au maradufu ya kodi iliyokwepwa, kiasi chochote kilicho kikubwa, ama kufungwa hadi miaka 10, au yote mawili; na sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018 humwadhibu anayetumia utambulisho wa mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hatari ni kwamba, katika daftari la KRA, mdai aonekanaye ni muuguzi. Akiletewa makadirio ya kodi yanayomtaka arudishe fedha zilizolipwa, ana siku 30 za kuweka pingamizi, na siku hizo huhesabiwa hata kama barua ilikwenda kwa barua pepe asiyoimiliki. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuanza na barua pepe.

Uingereza iliyaona haya kwa ukubwa wa kutisha. Juni 2025 mamlaka yake ya kodi, HMRC, iliwaeleza wabunge kwamba wahalifu, kwa taarifa walizozipata kwingineko, waliingia au kufungua akaunti za kodi za watu wapatao 100,000, wakajipatia pauni milioni 47 kwa madai ya marejesho. HMRC ilizifunga akaunti hizo, ikaondoa taarifa za uongo katika kumbukumbu, na ikawaandikia waathiriwa kwamba hawakupoteza kitu. Marekani humpa mlipakodi anayetaka tarakimu 6 za siri, zinazobadilika kila mwaka, ambazo bila ya hizo ritani ya jina lake haipokelewi kwa mtandao. KRA yafaa iazime hekima hiyo, na iongeze sharti moja: dai lolote lililofuata mabadiliko ya barua pepe au ya akaunti ya benki lisilipwe mpaka mwenye PIN ahojiwe uso kwa uso. Tena, kwa kuwa Mei 2019 KRA yenyewe ilitangaza kukamatwa kwa watumishi wake 75 kwa tuhuma za hongo na kusaidia ukwepaji wa kodi, mteja ana haki ya kuomba aambiwe ni nani aliyeligusa faili lake na lini.

Baada ya dai kukataliwa, wakala aipakue leja ya mteja na kuisoma mwaka kwa mwaka, kwani ziada ya uongo ambayo haikulipwa yaweza kubaki pale kama salio la mteja, ikahamia katika ritani ya mwaka unaofuata, na safari hii itakuwa imetiwa sahihi na muuguzi mwenyewe.