Nyumba ya Paycocke: uso mzuri, je, sifa ni za nani?

Hebu tuanze na uso wa nyumba, maana mwenyewe aliyeijenga alitaka tuanzie hapo. Paycocke's House ipo West Street, Coggeshall, katika Essex, Uingereza. Aliijenga Thomas Paycocke, tajiri wa vitambaa vya sufu, mnamo 1509 hivi. Ghorofa yake imetokeza mbele juu ya njia, na chini ya ghorofa hiyo inapita boriti ndefu iliyochongwa majani na vijisanamu. Ndani yake mna herufi T na P, pamoja na alama yake ya biashara.

Wengi husifu mbao za ukutani zilivyosimamishwa karibu karibu. Ni nzuri kweli, sibishi. Lakini nyumba ingesimama imara hata kwa mbao chache zaidi. Zamani zile mti wa mwaloni ulikuwa mali, na kuujaza ukutani hivyo ni kama kubandika noti barabarani ili wapita njia wahesabu. Mimi nausoma ukuta huu kama tangazo la biashara.

Tena si kila unachokiona ni cha Paycocke. Nyumba ilichakaa, ikagawanywa makao madogo. Noel Buxton aliinunua 1904, akaikarabati sana, halafu 1924 akaikabidhi kwa National Trust. Kwa hiyo uso tunaousifu umepitia pia mikono ya mafundi wa karne ya 20.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa sikubaliani nao moja kwa moja, kwani ndani nako dari imechongwa vizuri. Kasoro yangu ni nyingine. Fedha ya michoro yote ile ilitoka kwa wachambuaji sufu, wasokotaji na wafumaji, na nyumba haisemi lolote juu yao. Paycocke mwenyewe aliwakumbuka katika wasia wake. Mwanahistoria Eileen Power akautumia wasia huo kuandika maisha yake katika kitabu cha 1924. Karatasi ikahifadhi watu ambao mti uliwaacha.

Kama jengo, naipa alama za juu. Kama kumbukumbu, haijakamilika. Ukienda, itazame boriti hata ushibe, kisha katafute wasia wake usome. Hivyo viwili vinasomwa pamoja.