"Mgawanyo wa Madaraka": Istilahi Moja, Dhana Mbili

Istilahi "mgawanyo wa madaraka" imezoeleka katika vitabu vya uraia na katika nyaraka za serikali, lakini wanaoitumia hawazungumzii jambo moja. Mwalimu hukusudia kanuni aliyoieleza Montesquieu mwaka 1748, kwamba anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayeamua mashauri wasiwe mtu mmoja. Ofisa wa wilaya, akiisikia, hufikiria kazi na fedha zinazotoka makao makuu kwenda halmashauri. Si ajabu, kwani tangu mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 neno hili lina harufu ya mikoa na wilaya.

Mkanganyiko huu hauishii kwenye maneno. Anayeamini kwamba mgawanyo umekwisha kutimizwa kwa kuwa halmashauri yake imeongezewa kazi, hataona kasoro mkuu wa wilaya anapoingilia uamuzi wa hakimu.

Asili ya maneno yatusaidia. Madaraka, katika kamusi za zamani, ni wajibu au dhamana, jambo alilokabidhiwa mtu alitunze. Penye madaraka pana aliyeyatoa. Ndiyo maana Kenya ilipata Madaraka tarehe 1 Juni 1963, na Uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Mamlaka, neno la ukoo mmoja na miliki, ni nguvu yenyewe ya kuamuru.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaitambua tofauti hii. Ibara ya 4, inapotaja utendaji, utoaji haki na utungaji wa sheria, hutumia mamlaka. Ibara ya 146, inayohusu serikali za mitaa, hutumia madaraka. (Ibara ya 8, kwa bahati mbaya, huyaweka yote mawili bega kwa bega.) Hapa waandishi wa sheria wametushinda sisi wafasiri.

Napendekeza basi "mtengano wa mamlaka" kwa kanuni ya mihimili mitatu, na "ugatuzi wa madaraka" kwa dhana ya pili. Ugatuzi ni neno ambalo Wakenya wamekwisha kulizoea tangu Katiba yao ya mwaka 2010. Pingamizi lipo: mamlaka siku hizi ni jina la chombo pia, kama Mamlaka ya Mapato, na msomaji aweza kudhani kwamba ni idara zinazotenganishwa. Muktadha huiondoa shaka hiyo upesi. Ule mkanganyiko wa kwanza muktadha hauuondoi, kwa kuwa dhana zote mbili hukaa katika sura ileile ya kitabu.