Nani Ajuaye? Binadamu-Paka wa Michezoni na Zimwi wa Embu na Meru

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanapoulizwa kuhusu zimwi, aghalabu huandika kwamba ni mhusika mbaya mwenye tamaa, wakaishia hapo. Makala haya yanadai kuwa jambo la msingi katika ugeukaji si ubaya wa anayegeuka, bali ni nani anayejua kwamba amegeuka. Ili kulibainisha hili, tutamlinganisha zimwi wa hadithi za Embu na Meru na binadamu-paka wa michezo ya kubuni iliyotungwa Marekani.

Binadamu-paka wa michezoni

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulichapishwa mwaka wa 1974. Wachezaji huketi mezani, mmoja akasimulia, wengine kila mmoja akajitwalia mhusika na kumsemea. Kwa hivyo mna fanani na mna hadhira inayoshiriki. Mchezo huu u karibu zaidi na fasihi simulizi kuliko ulivyo na riwaya. Mwalimu asiudharau.

Mwaka wa 1997 kampuni ya White Wolf ilitoa kitabu kiitwacho Bastet, kinachohusu koo za binadamu wanaogeuka kuwa paka: simba, chui, duma na wengineo. Kila mmoja ana maumbo matano, kutoka mtu hadi mnyama. Ukoo wa simba umeitwa Simba. Ukoo wa duma umeitwa Swara! Msomaji wa Kiswahili atashangaa: mwindaji amepewa jina la windo lake. Jina limechukuliwa kwa mlio wake, maana ikaachwa nyuma.

Hata hivyo, kasoro ya jina ni ndogo. Tofauti kubwa ni kwamba mchezaji ndiye anayegeuka. Anajua umbo lake, analichagua, na kwake ugeukaji ni nguvu.

Zimwi wa nyumbani

Katika hadithi zetu mambo ni kinyume. Zimwi hujigeuza kijana mtanashati, akaja ngomani, akamvutia msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini. Nyuma ya kichwa, chini ya nywele, mna kinywa cha pili. Msichana hakioni. Sisi wasikilizaji tunajua. Kinaya hiki ndicho kinachoibeba hadithi: hadhira inatamani kumwonya, na haiwezi. Anayesikiliza hafunzwi kutamani kugeuka. Anafunzwa kutazama kisogo cha mgeni kabla ya kumfuata.

Ni kweli kuwa zimwi si paka. Lakini Kiswahili kinapomsema mnafiki humwita chui aliyevaa ngozi ya kondoo, nacho kinyume cha ngozi hiyo kilitokea kwa jirani zetu. Huko Singida, Tanganyika, katika miaka ya 1940, watu wengi waliuawa kwa namna iliyofanana na mashambulizi ya simba. Ilisemekana kuwa wauaji walikuwa watu waliovaa ngozi za simba, na serikali ya kikoloni iliwanyonga baadhi ya washtakiwa. Hapo swali la nani ajuaye halikuwa la kifasihi tena. Kila jirani aliweza kushukiwa. Hadithi inapotuonyesha kinywa cha pili, inatupa uhakika ambao maisha hayatupi. Mwanafunzi aelewe yote mawili: tahadhari dhidi ya anayejificha, na hatari ya kumtuhumu asiyeficha lolote.

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba mwalimu anapofundisha hadithi za mazimwi aongeze maswali matatu. Nani anajua kuwa mhusika amegeuka? Nani anaumia kwa kutojua? Ni ishara gani iliyomfichua? Maswali hayo yatamwondoa mwanafunzi kwenye orodha ya sifa na kumfikisha kwenye mbinu na dhamira. Yule anayecheza michezo hii naye asikatazwe. Aulizwe mchezo wake ungekuwaje iwapo mmoja wa walioketi mezani angekuwa zimwi, na msimulizi peke yake ndiye ajuaye. Akilijibu hilo vyema, atakuwa amekwisha kuielewa hadithi ya nyanyake.