Fei Toto na Yanga: Risiti ya Benki Haivunji Mkataba

Desemba 2022, akaunti ya klabu ya Yanga iliingiziwa Sh112 milioni. Aliyeziweka hakuwa mdhamini, wala klabu iliyokuja kununua mchezaji dirisha dogo. Alikuwa mchezaji wao wenyewe, Feisal Salum 'Fei Toto', kiungo aliyevuka bahari kutoka JKU ya Zanzibar mwaka 2018 na kuwa kipenzi cha Jangwani, makao ya Yanga. Sh100 milioni zilikuwa za kuununua mkataba. Sh12 milioni zilikuwa sawa na mishahara ya miezi mitatu. Fei akaandika barua, akawaaga mashabiki mtandaoni, akaondoka. Klabu ikazirudisha fedha na kupeleka malalamiko kwa shirikisho la soka nchini, TFF.

Vijiweni watu waligawanyika haraka. Wengine walichukua Sh4 milioni za mshahara wake wa mwezi, wakazilinganisha na wanachopata wageni wa kikosi kilekile, wakamwonea huruma. Wengine wakamwita msaliti. Hoja za pande zote zilikuwa na uzito wake, lakini hakuna hata moja iliyokuwa ndiyo kesi. Kesi ilikuwa swali kavu: mchezaji akiweka fedha mezani na mwajiri akakataa kuzichukua, mkataba umekufa au bado unapumua?

Tuanze na njia alizokuwa nazo.

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, ambazo misingi yake kila shirikisho linatakiwa kuizingatia katika kanuni zake za ndani, zinasema mkataba huisha kwa namna mbili za kawaida: muda wake ukifika, au pande mbili zikikubaliana. Mchezaji anayetaka kutoka kabla ya hapo ana milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni sababu ya haki. Iliyo wazi kuliko zote ni ya mishahara: klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaiandikia notisi na kuipa angalau siku 15 ilipe. Siku zikipita kimya, anaondoka, na klabu ndiyo inayodaiwa fidia. Wachezaji wengi wanaozishinda klabu zetu, wengi wao wageni, hupitia hapa. Hawahitaji ufasaha mkubwa. Taarifa ya benki yenye miezi mitupu inatosha.

Mlango wa pili ni sababu ya kimichezo, nao ni mwembamba. Unamhusu mchezaji aliyekomaa ambaye msimu mzima amecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za timu yake. Fei alikuwa akicheza kila wiki, hivyo haukumhusu.

Mlango wa tatu ni kulipa. Hapa mchezaji hadai kwamba amekosewa. Anasema anataka kwenda na yuko tayari kugharamia. Mlango huu una kufuli mbili. Kufuli ya kwanza ni kalenda: kanuni zinakataza kuvunja mkataba kwa upande mmoja katikati ya msimu. Ya pili ni kipindi cha ulinzi. Aliyesaini kabla ya kufikisha miaka 28 analindwa na kubanwa kwa misimu mitatu au miaka mitatu, kutegemea kipi kinatangulia, na hesabu huanza upya kila mkataba unapoongezwa. Akivunja ndani ya kipindi hicho bila sababu ya haki, pamoja na fidia anaweza kufungiwa miezi minne, au sita mambo yakiwa mabaya zaidi.

Sasa itazame tena ile fedha. Kwa kuiweka, Fei alichagua mlango wa tatu, na kwa kuuchagua alijifungia wa kwanza. Anayesema mwajiri amevunja makubaliano huwa anadai. Halipi ili aondoke. Baadaye simulizi za maisha magumu zilipoanza kutoka upande wake, ile habari ya ugali na sukari iliyotawala mitandao, zilikuwa zimechelewa. Kisheria tayari alikuwa amesimama kama mnunuzi, na kila mtu alikuwa ameiona risiti. Kilichobaki kuulizwa ni kama bidhaa ilikuwa inauzwa.

Kwa upande wa mchezaji, kipengele cha mkataba kilitaja kiasi, kiasi kimelipwa, mambo yameisha. Kwa upande wa klabu, kutajwa kwa kiasi hakuondoi haja ya watu wawili kukaa na kukubaliana. Januari 2023, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF iliamua kwamba Fei bado ni mchezaji wa Yanga. Aliomba uamuzi huo upitiwe upya. Machi ombi likagonga mwamba.

Wengi walidhani aliangushwa na udogo wa fedha. Tupige hesabu. Mkataba wake ulikuwa unafika Mei 2024, yaani miezi 17 kuanzia Januari 2023. Kwa Sh4 milioni kwa mwezi, mishahara iliyobaki ilikuwa Sh68 milioni. Alilipa Sh112 milioni. Kwa kipimo hicho, alizidisha.

Kipimo hicho nacho hakikutoka hewani. Mwaka 2006 beki Andy Webster aliiacha Hearts ya Uskoti na kwenda Wigan ya Uingereza huku akibakiwa na mwaka mmoja. FIFA ilimtaka alipe pauni 625,000. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikazishusha Januari 2008 hadi pauni 150,000, kiasi cha mishahara iliyobaki. Lakini Webster alikuwa amevuka kipindi cha ulinzi, na aliondoka msimu ukiwa umeisha. Hata hivyo, notisi yake ilichelewa kidogo tu, naye akafungiwa kwa muda mfupi. Kalenda haikumsamehe hata yeye.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, CAS ileile ilipima kwa kipimo kingine. Mbrazili Matuzalem aliihama Shakhtar Donetsk mwaka 2007, naye akiwa nje ya kipindi cha ulinzi. Safari hii wasuluhishi hawakuangalia mishahara iliyobaki tu. Waliuliza klabu imepoteza nini: huduma ya mchezaji kwa bei ya soko, na gharama ya kumpata wa kuziba pengo. Jibu likawa zaidi ya euro milioni 11.8. Tangu hapo, wakili wa klabu yoyote anayejua kazi yake huanzia kwa Matuzalem, na wa mchezaji humkimbilia Webster.

Hapo ndipo Fei alipokuwa hatarini zaidi ya alivyoonekana. Fedha zake zingeweza kutosha kwa kipimo kimoja na kuwa ndogo mno kwa kingine, na katikati ya msimu asingekuwa na haki ya kuchagua kipimo. Klabu ambayo ingemchukua bila barua ya Yanga, kwa kanuni za wakati ule, ingebeba deni la fidia pamoja naye. Nani angethubutu?

Ili kuona kwamba Kamati ile haiipendelei klabu kwa kuwa ni kubwa, rudi nyuma hadi Agosti 2020. Mezani palikuwa na Yanga hiyohiyo na Mghana Bernard Morrison, aliyekuwa amejiunga na watani wao, Simba. Yanga walisema aliongeza mkataba wa miaka miwili; Morrison akakana. Kamati ikaukuta mkataba huo na mapungufu, ikampa mchezaji ushindi. Yanga walikwenda CAS, nako wakashindwa mwaka 2021.

Tofauti iko kwenye swali. Kwa Morrison, mwenye mzigo wa kuthibitisha alikuwa klabu: tuonyeshe mkataba uliosimama sawasawa. Kwa Fei, hakuna aliyebisha kwamba mkataba upo. Mzigo ukahamia kwa anayedai umekwisha, naye alikuwa na saini moja tu, ya kwake. Katika mashauri haya, aliye na karatasi yenye saini mbili huanza mechi akiongoza bao moja.

Mwisho wa mkasa unathibitisha hilo kwa njia ya mzunguko. Mei 2023 Fei aliomba michango ili aende CAS. Wakati huo Yanga walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika bila yeye. Walilala 2-1 kwa USM Alger hapa nyumbani, wakashinda 1-0 Algiers, wakakosa kombe kwa bao la ugenini. Juni 5 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Ikulu, na humohumo akawataka viongozi walimalize suala la Fei. Siku tatu baadaye Yanga ikatangaza kumuuza kwa klabu ya Azam.

Wapo waliosema Ikulu imevunja mkataba. Haikuvunja. Ilichofanya ni kuisukuma klabu iweke ile saini ya pili, ambayo miezi mitano ya barua na mapitio haikuipata. Fei alitoka kwa mlango wa kawaida kabisa wa kanuni: makubaliano. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi, mawili nyuma ya Aziz Ki wa Yanga, na Azam ikamaliza ya pili.

Kwa hiyo kosa la kiufundi halikufanyika benki Desemba ile. Lilifanyika siku ya kusaini, kipengele kilipoachwa kitaje kiasi bila kusema kinatumikaje. Kipengele cha kununua mkataba kinachofanya kazi hujibu maswali manne: fedha ni kiasi gani, zinalipwa lini katika msimu, notisi ni ya siku ngapi, na je, zikishaingia mkataba unaisha wenyewe au bado klabu inaulizwa. Swali la nne ndilo lililomgharimu Fei nusu msimu. Linajibika kwa mstari mmoja, na wakati mzuri wa kuudai mstari huo ni pale klabu inapokuwa inakuhitaji, kalamu ikiwa bado mkononi mwako na jezi haijapigwa picha.