Fundi Achaguaye Chumvi

Katika kazi za maabara, ambazo aghalabu husifiwa kwa ukubwa wa mitambo yake, ipo moja niionayo kuwa yastahiki sifa kwa udogo wa mambo yake, nayo ni kazi ya kukunja uzi mfupi wa DNA ndani ya maji ya chumvi, na kujua, kabla ya kuukunja, ni chumvi gani itakayotiwa.

Uzi wenyewe ni wa namna ya ule ulio katika ncha za kromosomu za binadamu, ambao herufi zake, TTAGGG, hurudiwa mara mamia hata maelfu. Mwaka 1962 Gellert, Lipsett na Davies walibainisha ya kuwa guanini nne, ndizo hizo G, zaweza kushikana zikafanya mraba bapa. Na miraba ikipandana, oksijeni zilizoelekea katikati, ambazo zote zina chaji hasi kidogo, zingefukuzana lau hapangekuwapo ayoni ya metali, yenye chaji chanya, ya kuketi baina yao na kuzipatanisha. Potasiamu hukaa kati ya mraba na mraba, imezungukwa na oksijeni nane. Sodiamu, iliyo ndogo zaidi, yaweza kuingia ndani ya mraba wenyewe. Ama lithiamu, haifai kitu. Wala msomaji asidhani kimo cha ayoni ndiyo habari yote, maana kila moja, kabla ya kuingia humo, sharti ivue maji yaliyoizunguka, na sodiamu huyang'ang'ania maji yake kuliko potasiamu, na hapo ndipo ishindwapo.

Mwaka 1993 Wang na Patel walitwaa uzi wa namna hiyo, wa herufi 22, wakautia sodiamu, wakauona umejikunja mfano wa kikapu, kamba zake nne, yaani vipande vya uzi huo huo uliokunjwa, zikipishana kupanda na kushuka. Mwaka 2002 Parkinson, Lee na Neidle wakaugandisha uzi wa herufi zile zile uwe fuwele penye potasiamu, na tazama, kamba zote nne zimeelekea upande mmoja. Tena ndani ya maji yenye potasiamu, pasipo fuwele, huonekana umbo la tatu, kamba tatu huku na moja kule.

Kwa hiyo fundi mwema ni mtu wa hadhari. Huchemsha maji yake hadi digrii 95 hivi, uzi uachie mikunjo yote ya kale, kisha huyaacha yapoe taratibu, pengine usiku kucha. Akitaka kujua mambo ya ndani ya seli, ambamo potasiamu imeizidi sodiamu mara kumi na zaidi, hurekebisha asidi kwa hidroksidi ya potasiamu, hata kama chupa ya sodiamu ndiyo iliyo karibu na mkono wake. Na akiandaa maji ya lithiamu kwa kulinganisha, hathubutu kuchovya humo kipimaasidi cha kioo, ambacho hujazwa kloridi ya potasiamu na huivujisha kidogo kidogo. Humimina sehemu katika kikombe kingine, akapima hiyo, kisha akaimwaga. Wengine huuita ukaidi. Mimi naona ndio ufundi wenyewe.