Siki, Kamera na Jicho la Nesi

Mama amelala kitandani, magoti juu, kanga imemfunika mapaja. Spekulamu imeshaingia, taa imeelekezwa, na mlango wa kizazi unaonekana: duara la rangi ya waridi lenye tundu dogo katikati. Nesi anachovya pamba kwenye siki iliyopimwa nguvu ya asilimia 3 hadi 5, anapaka duara lote, kisha anatazama saa. Dakika moja kamili. Wengi hukosea hapa, maana foleni iko nje na dakika moja ya kusubiri bila kufanya kitu ni ndefu. Siki inavuta maji kutoka ndani ya seli na kugandisha protini zake. Seli zilizoanza kuharibika zina protini nyingi kuliko jirani zao, basi zinageuka nyeupe. Baada ya dakika chache weupe unafifia, na asiyeuona kwa wakati ndiyo basi.

Kipimo kimeisha. Hakuna maabara wala majibu ya kusubiri. Siki ya dukani, ile tunayotia kwenye kachumbari, ina nguvu karibu hiyo hiyo. Kilichobaki ni jicho, na hapo ndipo kwenye kazi.

Mwaka 2022 saratani ya mlango wa kizazi iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, na katika kila 100 waliokufa, 94 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kinachouma ni kwamba ugonjwa huu hauna haraka. Tangu kirusi cha HPV, chanzo cha ugonjwa huu, kigome kutoka mwilini hadi saratani kamili, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama mwenye VVU ambaye hajatumia dawa, ni miaka 5 hadi 10. Nafasi ya kuuwahi ipo tele.

Nchi tajiri ziliuwahi kwa kipimo cha Papanicolaou: unakwanguliwa seli, zinapakwa kwenye kioo, mtaalamu anazisoma kwa darubini. Ni kipimo kizuri chenye wapambe wengi. Kinataka maabara, msomaji wa vioo, njia ya kurudisha majibu, na zaidi ya yote kinataka mwanamke arudi, mara ya pili kuchukua majibu na mara ya tatu kutibiwa. Mtu aliyeacha genge lake na kulipa nauli ya kwenda na kurudi akaambiwa "tutakupigia" ana haki ya kutorudi.

Utafiti uliofungua njia kwa siki ulifanyika Zimbabwe, ukachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1999. Wakunga sita waliofundishwa walipima wanawake zaidi ya 10,000 katika kliniki 15 za kawaida. Katika sehemu ya pili ya utafiti huo, kati ya kila wanawake 100 wenye mabadiliko mabaya, macho ya wakunga yalikamata 77. Kipimo cha Papanicolaou, kwa wanawake hao hao, kilikamata 44.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo na kupiga makofi. Sehemu ya pili ya hesabu haina utamu huo: kati ya kila wanawake 100 wasio na tatizo, wakunga waliwaambia kama 36 kwamba wanalo. Kipimo cha kioo kilikosea kwa 9 tu. Yaani siki inaonyesha, na inaonyesha kupita kiasi. Uvimbe wa kawaida unaweza kuwa mweupe. Ngozi changa inayojijenga inaweza kuwa nyeupe. Vijipu vidogo vya ute hung'aa chini ya taa. Weupe unaotafutwa ni mzito, wenye kingo zinazoonekana, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa, tena umegusa ule mpaka ambapo ngozi ya nje inakutana na ngozi laini ya ndani. Hayo unaweza kuyaandika ubaoni asubuhi moja na darasa zima likayakariri. Kuyaona kwa mama wa 14 saa nane mchana ni jambo jingine.

Ndiyo maana mfano ninaourudia kila mara ni wa Lusaka. Mwaka 2006 daktari wa Zambia, Mulindi Mwanahamuntu, na mwenzake Mmarekani, Groesbeck Parham, walianzisha huduma ya kuzuia saratani hii katika kliniki mbili za serikali. Waliiweka ubavuni mwa huduma za VVU, kwa sababu mbili zinazoeleweka: mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi, na huko ndiko kulikokuwa na majengo, fedha na foleni iliyokwisha kujipanga. Madaktari walikuwa wachache, basi kazi ikakabidhiwa manesi. Namna walivyoikabidhi ndiyo inayonivutia.

Kwanza, nesi alipewa mamlaka ya kutibu, si ya kuangalia tu. Akiona weupe unaotibika, anatibu siku hiyo hiyo kwa tiba mgando: ncha ya chuma iliyopozwa kwa gesi inawekwa juu ya sehemu iliyoharibika, inagandisha kwa dakika 3, inaachwa iyeyuke kwa dakika 5, inagandisha tena kwa dakika 3. Mama anatoka na maelezo: utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, usikutane na mumeo kwa mwezi. Ambao weupe wao ni mkubwa au umeingia ndani ya mfereji walipelekwa Hospitali ya Chuo Kikuu kukatwa kwa waya wa umeme. Hesabu ya Zimbabwe nayo inakuwa na sura nyingine hapa. Kumgandisha mtu asiyehitaji ni kosa, lakini ni kosa dogo linalopona. Kumwacha anayehitaji ni kosa la kaburi. Tena hakuna safari ya pili ya kupotelea njiani.

Pili, kamera. Ilikuwa kamera ya kidijitali ya dukani, ya aina ile iliyopiga picha za harusi miaka hiyo. Nesi anapaka siki, anapiga picha ya mlango wa kizazi, picha inakuzwa kwenye skrini. Mama mwenyewe anaiona. Sisi tulioambiwa tangu utotoni kwamba mficha uchi hazai, halafu tukafundishwa kuuficha kwa kila mtu isipokuwa mkunga, tunajua maana ya mwanamke mzima kuonyeshwa kwa mara ya kwanza sehemu ya mwili wake na kuelezwa: weupe huu hapa ndio ninaotaka kuutoa.

Lakini kazi kubwa ya picha ilikuwa baadaye. Manesi walikutana mara kwa mara na daktari kupitia picha zao. Hapa uliona nini? Kwa nini uliita huu ugonjwa? Mbona huu hukuuona? Na nesi aliyekwama na mama bado yuko kitandani aliweza kumtumia daktari picha akapata jibu. Hukumu yangu ni kwamba kikao hicho ndicho kilichokuwa mafunzo yenyewe. Semina iliwapa maneno tu. Jicho lisilosahihishwa halibaki pale lilipoachwa: wengine huanza kuona weupe kila mahali, wengine huacha kuuona kabisa, na hakuna hata mmoja anayejijua.

Tatu, walikuwepo wanawake wa mitaani, waelimishaji rika, waliozunguka kuita wenzao na kurudi na orodha ya uvumi na imani potofu zilizokuwa zikisemwa huko. Mhudumu anayejua uvumi wa wiki hii anajibu swali kabla halijaulizwa.

Kufikia mwaka 2013 wanawake 102,942 walikuwa wamepimwa. Makadirio ya watafiti wa mpango huo yalikuwa kwamba kwa kila wanawake 46 wenye VVU waliopimwa, kifo 1 cha saratani kilizuiwa. Ni makadirio, si hesabu ya makaburi, lakini hata ukiyapunguza nusu bado ni dawa rahisi.

Kulikuwa na mwiba: gesi. Mtungi ni mzito, bei haishuki, na ukiisha kliniki inageuka kuwa mahali pa kuwaambia watu habari mbaya. Niliwahi kufika kituo kimoja, jina nalihifadhi, nikakuta mashine ya tiba mgando imefunikwa kitambaa safi cha kitenge. Wanaitunza vizuri, nikafikiri. Mtungi ulikuwa mtupu. Siku hizi vituo vingi vinahamia kwenye kifaa cha joto kinachoshikwa mkononi, cha betri, kinachounguza sehemu hiyo kwa nyuzi 100 na kumaliza chini ya dakika moja. Wazo lenyewe ni la miaka ya 1960, la Mjerumani Kurt Semm. Lilisubiri nusu karne.

Anayetaka kujua kama jicho kweli linaokoa maisha aende India, kulikofanyika majaribio makubwa. Mumbai, wanawake waliosoma hadi darasa la 10, wasio manesi, walifundishwa kupima kwa siki katika mitaa ya mabanda, wakarudia kila baada ya miaka miwili kwa awamu nne. Baada ya miaka 12 vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31. Dindigul, jimbo la Tamil Nadu, manesi walipima mara moja tu na vifo vikashuka kwa asilimia 35. Lakini matokeo ya Osmanabad, Maharashtra, ya mwaka 2009 yalikuwa mengine: siki haikuonyesha upungufu wa uhakika wa vifo, ilhali kipimo cha vinasaba vya HPV, kilichofanyika mara moja tu, kilipunguza vifo kwa nusu. Nchi moja, siki ile ile, majibu tofauti. Kipimo kinachotegemea jicho hubeba na udhaifu wa jicho.

Kwa hiyo mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri kipimo cha vinasaba kiwe cha kwanza. Sampuli mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe, chooni au nyumbani. Wapo wanaosema basi manesi wa siki wamestaafu. Si kweli. Mashine inasema kirusi kipo. Haisemi kama sehemu iliyoharibika inaonekana yote, kama imeingia mferejini, au kama hiyo mbele yako tayari ni saratani ambayo ukiiunguza umemdanganya mgonjwa. Lazima mtu atazame. Na wanawake watakaofika mbele yake sasa ni wale wenye kirusi tayari, si foleni nzima, basi kila kosa lina uzito zaidi.

Waganga wakuu wa wilaya wanaopanga bajeti ya mafunzo mwaka huu wapunguze siku za ukumbi, waongeze simu yenye kamera nzuri na daktari mmoja wa kuangalia picha kila wiki. Na wewe dada au mama, ukienda kupima, uliza mawili kabla ya kupanda kitandani: mkinikuta na weupe, mtanitibu hapa hapa leo? Na picha yangu, ni nani mwingine ataiangalia?